Choo cheusi kwa mwenye hemofilia: la kufanya tangu saa ya kwanza

"Sista, samahani kwa usiku huu. Kijana wangu amepata choo cheusi mara mbili tangu jioni, ila hana maumivu yoyote. Tusubiri kukuche?"

Ujumbe wa namna hii ukinifikia kutoka kwa familia ya mwenye hemofilia, ugonjwa wa damu kushindwa kuganda vizuri, jibu langu huwa moja: msisubiri. Chukueni fakta, ile dawa yake ya kugandisha damu, kama mnayo nyumbani, chukueni daftari lake la kliniki, njooni. Damu inayovuja ndani ya tumbo mara nyingi haiumi. Mgonjwa anaweza kutembea mwenyewe hadi mapokezi, akajibu salamu, akakaa kwenye benchi, na huku nusu ya uhai wake inashuka kwenye utumbo. Miongozo ya Shirikisho la Hemofilia Duniani inaweka damu ya tumboni kwenye kundi moja na damu ya ndani ya kichwa na ya shingoni: kundi la zile zinazoua.

Nimeandika kwa ajili ya watu wawili. Wa kwanza ni ndugu anayeishi na mgonjwa. Wa pili ni mhudumu wa zamu katika hospitali ya wilaya, ambaye huenda hajawahi kumwona mwenye hemofilia tangu amalize chuo. Wote wawili nawaomba wasome kila hatua, hata zile zinazoonekana kumhusu mwenzake, kwa sababu saa za mwanzo hawa wawili ndio huokoa maisha au huyapoteza kwa kutegeana.

Kwanza, kwa nini tumbo ni mahali pabaya

Mshipa ukipasuka, chembe sahani hukimbilia pale na kuziba tundu kwa muda. Kisha vigandisha damu, ambavyo hospitalini huitwa fakta, huamshana kimoja baada ya kingine hadi vinasuka nyuzi za kushikilia zile chembe zisibanduke. Mwenye hemofilia A ana upungufu wa fakta 8. Mwenye hemofilia B ana upungufu wa fakta 9. A humpata takriban mtoto wa kiume 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa, na B ni adimu zaidi. Damu yao haitoki kwa kasi kuliko ya mtu mwingine. Shida ni kwamba haikomi, na bonge linalojitengeneza ni laini, hubanduka kirahisi.

Sasa liweke bonge hilo laini ndani ya tumbo lenye tindikali. Tindikali huzuia chembe sahani zisishikane, na vimeng'enya vya kusaga nyama husaga bonge lenyewe. Ndiyo maana kidonda kidogo cha tumbo, ambacho kwa jirani kingekoma chenyewe, kwa mwenye hemofilia huendelea kuvuja kwa siku kadhaa.

Hatua ya 1: Tambua kwamba ni damu

Damu iliyotoka tumboni au sehemu ya juu ya utumbo hugeuka nyeusi njiani. Choo chake ni cheusi kama lami, kinanata, na kina harufu kali usiyoweza kuichanganya na nyingine ukishaikuta mara moja. Akitapika, yanaweza kuja matapishi mekundu, au ya kahawia iliyokolea kama machicha ya kahawa. Damu nyekundu chooni kwa kawaida hutoka sehemu ya chini, lakini ikitoka juu kwa wingi sana hupita haraka na kutokea ikiwa bado nyekundu. Mgonjwa wa hivyo yuko hatarini kuliko wote.

Vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini ya chuma, navyo hufanya choo kiwe cheusi. Tofauti ni kwamba hicho hakinati wala hakinuki vile. Bitiruti hufanya choo kiwe chekundu. Pia muulize kama usiku alitokwa damu puani au kwenye fizi akaimeza, kwa maana nayo itatokea kwa rangi hiyo hiyo nyeusi. Lakini haya yote ni maswali ya kuulizana mkiwa njiani kwenda hospitali. Mwenye hemofilia mwenye choo cheusi anahesabiwa kuwa anavuja damu hadi ithibitike vinginevyo.

Kuna sura nyingine inayowapoteza hata madaktari wazuri: maumivu makali ya tumbo upande wa kulia chini, bila choo cheusi. Kila mtu anafikiri kidole tumbo. Kwa mwenye hemofilia yanaweza kuwa damu iliyovujia kwenye msuli mkubwa wa ndani ya nyonga, au ndani ya ukuta wa utumbo wenyewe. Dalili ya kwanza mara nyingi ni kwamba hawezi kunyoosha paja, analala amelikunja. Kabla ya kisu kugusa ngozi, apewe fakta na apigwe ultrasaundi. Kumpasua mtu wa hivi bila fakta ni kufungua bomba usiloweza kulifunga.

Hatua ya 2: Nyumbani, dakika kumi kabla ya kutoka

Kama fakta iko kwenye friji na yupo aliyefundishwa kuchoma, achomwe dozi kamili ya damu hatari (uvujaji unaotishia maisha), ile iliyoandikwa na kliniki yake, kisha ndipo muondoke. Vichupa vibaki joto la kawaida kidogo kabla ya kuchanganya. Usitikise, zungusha taratibu kati ya viganja hadi unga uyeyuke. Andika saa. Vichupa vitupu usivitupe, vinaonyesha ni dawa gani na uniti ngapi zimeingia.

Kama hakuna fakta nyumbani, usipoteze dakika kuitafuta mtaani. Piga simu kliniki yake huku mnatafuta usafiri.

Asile. Kamera ya tumbo itahitaji tumbo tupu. Asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, hata kama kichwa kinampasuka. Zile dawa za maumivu za pakiti ndogo dukani, nyingi ni mchanganyiko wa parasetamoli, kafeini na aspirini ndani yake, kwa hiyo soma nyuma ya pakiti. Mizizi na majani ya tumbo yabaki nyumbani pia. Nasema hivi bila dharau kwa bibi zetu. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua mti upi unalegeza damu na upi haulegezi.

Kama anaona kizunguzungu, alale miguu ikiwa imeinuliwa. Asiende chooni peke yake. Wengi huanguka huko, na kichwa kikigonga sakafu mnakuwa na damu mbili za kupigana nazo.

Hatua ya 3: Mapokezi, sema maneno haya

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Nilishamwona kijana amekaa saa nne nzima kwenye foleni ya vipimo wakati fakta yake iko ndani ya mfuko wa barafu miguuni pake. Mama yake aliogopa kuonekana anamfundisha daktari kazi. Alikuwa amesema tu, "Mtoto anaumwa tumbo." Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Kwa hiyo sema hivi, kwa adabu na kwa sauti inayosikika: "Daktari, shikamoo. Huyu ana hemofilia A kali. Anavuja damu tumboni tangu jioni. Naomba achomwe fakta 8 sasa hivi, kabla ya vipimo na kabla ya kamera. Hili hapa daftari lake." Badilisha herufi na namba kulingana na ugonjwa wake. Kama hujui ni A au B, sema hivyo pia. Ni taarifa yenye maana.

Na wewe mhudumu, ukiambiwa maneno haya usiyapime kwa cheo cha anayeyasema. Familia ya mwenye hemofilia imeishi na ugonjwa huu tangu mtoto alipoanza kutambaa na kuota mabonge ya damu magotini.

Ikiwa mgonjwa hajawahi kupimwa lakini anavuja kuliko inavyoelezeka, uliza mambo mawili. Alipotahiriwa, damu ilikata siku hiyo hiyo au alirudishwa kushonwa mara ya pili? Na ujombani vipi: kuna mjomba au mtoto wa dada wa mama aliyefariki kwa kutokwa damu baada ya jando, kung'olewa jino au kukatwa kimeo? Hemofilia husafiri kupitia akina mama na kuwaangukia watoto wa kiume, kwa hiyo historia iko upande wa mama. Kumbuka tu kwamba takriban theluthi moja ya wagonjwa hawana mtu yeyote katika ukoo aliyewahi kuugua.

Hatua ya 4: Fakta kwanza

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Dozi ataiamua daktari, lakini hesabu yake ni nyepesi, na ninataka kila familia iijue ili iweze kuuliza inapoona vichupa viwili pale panapohitajika sita.

Kila uniti 1 ya fakta 8 kwa kila kilo ya mwili hupandisha kiwango kwa takriban asilimia 2. Kwa damu ya tumboni mwenye hemofilia A, lengo la mwanzo ni kufikisha asilimia 80 hadi 100. Basi unachukua kilo, unazidisha kwa asilimia unayotaka kupandisha, unagawa kwa 2. Kijana wa kilo 60 mwenye ugonjwa mkali, anayeanzia karibu na sifuri: 60 mara 100, gawa kwa 2, ni uniti 3,000. Kama vichupa ni vya uniti 500, ni vichupa sita. Ikibaki sehemu ya kichupa, malizia chote. Usimwage dawa ya thamani namna hii.

Fakta 9 ni tofauti. Uniti 1 kwa kilo hupandisha asilimia 1 tu, na lengo la mwanzo ni asilimia 60 hadi 80. Kijana yule yule angekuwa na hemofilia B, kwa lengo la 80 angehitaji uniti 4,800. Baadhi ya fakta 9 za kutengenezwa maabara hupandisha pungufu ya hapo, hivyo huongezwa. Na mtu ambaye amechomwa fakta 9 mara chache tu maishani awe chini ya uangalizi anapochomwa, kwa kuwa wachache hupata mzio mkali.

Dozi ya kwanza si mwisho. Nusu ya fakta 8 huisha mwilini ndani ya saa 8 hadi 12, ya fakta 9 ndani ya saa 18 hadi 24. Kwa kijana wetu, baada ya uniti 3,000 za mwanzo, tukimchoma 1,500 kila baada ya saa 12, wiki moja itakula uniti 22,500. Hivyo ni vichupa 45 vya uniti 500. Nimefanya hesabu hii makusudi ili ionekane kwa nini simu ya kuomba akiba ipigwe saa ya kwanza, wala si siku ya tatu friji likiwa tupu. Muhimbili kule Dar es Salaam, Kenyatta jijini Nairobi, hospitali ya Moi ya Eldoret na Mulago ya Kampala zina kliniki za hemofilia, na sehemu kubwa ya fakta zinazofika kwetu huja kama msaada kupitia Shirikisho la Hemofilia Duniani. Vyama vya wagonjwa vya Kenya na Tanzania mara nyingi hujua ni kituo gani kina akiba wiki hii. Pale akiba isipotosha, miongozo inakubali kuanzia asilimia 30 hadi 50 badala ya 80 hadi 100. Dozi ndogo iliyoingia saa mbili usiku ni bora kuliko dozi kamili itakayofika kesho mchana.

Muulize kama anatumia emicizumab, sindano ya chini ya ngozi ambayo siku hizi baadhi ya wagonjwa wa hemofilia A wanaipata. Inapunguza damu za kila mara lakini haitoshi peke yake kwa damu ya tumboni. Fakta 8 bado inahitajika. Kuna mtego mmoja: kipimo cha kuganda damu kiitwacho aPTT kitasoma vizuri kabisa kwa mtu huyu, na maabara itaandika "kawaida". Usiyaamini majibu hayo.

Uliza pia kama amewahi kuambiwa ana kingamwili dhidi ya fakta. Karibu wagonjwa 3 kati ya 10 wa hemofilia A kali huzipata wakati fulani, na kwao fakta 8 humezwa kabla haijafanya kazi. Hao huhitaji dawa za kuzunguka njia hiyo, kama fakta 7 iliyoamshwa, na huhitaji kituo kikubwa mapema. Kama mgonjwa amechomwa dozi sahihi na saa kadhaa baadaye bado anavuja vile vile, hata kama daftari halisemi kitu, fikiria kingamwili.

Hatua ya 5: Fakta hakuna kabisa

Hapo tunarudi kwenye mifuko ya benki ya damu. Krayo, ile sehemu inayobaki plazma iliyogandishwa inapoyeyushwa polepole, ina fakta 8, na kila mfuko hubeba takriban uniti 70 hadi 80. Mifuko 10 kwa mtu wa kilo 60 humpandisha kama asilimia 25. Haitoshi, lakini ni mwanzo, na mara nyingine mwanzo huo ndio unaomfikisha rufaa akiwa hai. Krayo haina fakta 9. Mwenye hemofilia B apewe plazma, mililita 15 hadi 20 kwa kilo, huku mkiangalia kifua chake kisijae maji. Kama aina ya hemofilia haijulikani, plazma ndiyo yenye vyote viwili.

Usimpakie kwenye gari la wagonjwa akiwa mikono mitupu kama chochote kati ya hivi kipo. Apewe kwanza, au apewe njiani.

Hatua ya 6: Yanayokwenda sambamba

Awekewe kanula mbili nene kwenye mishipa. Damu ya kupimwa kundi na kulinganishwa itoke sasa hivi. Hakuna sindano ya msuli, hata ya maumivu, hata ya kutapika. Kila kitu kipite kwenye mshipa. Mpira wa puani usiingizwe kabla ya fakta.

Kipimo cha kwanza cha wingi wa damu, yaani himoglobini, hudanganya. Mtu akipoteza damu, anapoteza maji na chembe kwa pamoja, hivyo kipimo kinabaki kizuri kwa saa kadhaa hadi mwili uvute maji kujaza pengo. Himoglobini ya 11 saa mbili baada ya kutapika beseni zima haikuambii kitu. Tazama mapigo na presha. Mapigo yakizidi namba ya juu ya presha, kwa mfano mapigo 120 na presha 90, mtu huyu yuko kwenye mshtuko hata kama anaongea vizuri. Rudia himoglobini kila baada ya saa sita hivi.

Kuongeza damu: kwa wengi, subiri himoglobini ishuke chini ya 7 ndipo uongeze. Utafiti uliofanyika Barcelona na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba waliosubirishwa hadi 7 walipona zaidi kuliko walioongezewa mapema wakiwa 9. Lakini anayetoka damu kama bomba na presha inaporomoka haingojewi namba, na mwenye ugonjwa wa moyo huongezewa mapema zaidi.

Omeprazole au ndugu zake kwa mshipa, ili tindikali ipungue na bonge lishike.

Kuhusu dawa ya traneksamiki, kuna mkanganyiko ninaopenda kuufafanua. Utafiti mkubwa wa mwaka 2020 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 12,000 ulionyesha kwamba haipunguzi vifo kwa watu wanaovuja damu tumboni, na inaongeza kidogo mabonge ya mishipa ya miguu na mapafu. Kwa hiyo si dawa ya kila anayetapika damu. Mwenye hemofilia, au mwenye ugonjwa wa von Willebrand (nao ni wa damu kutoganda vizuri), ana hali nyingine: bonge lake ni dhaifu tangu mwanzo, na dawa hii huzuia lisiyeyushwe. Kwake bado inatumika pamoja na fakta, kwa uamuzi wa mtaalamu. Isipokuwa kama ana damu kwenye mkojo, kwani bonge linaweza kuziba njia ya figo.

Hatua ya 7: Kamera

Endoskopi ifanyike ndani ya saa 24, fakta ikiwa imeshaingia. Mwambie daktari wa kamera saa ambayo dozi ilichomwa, ili asifike kwenye kidonda kiwango kikiwa kimeshuka. Kama atachukua kinyama cha kupima, dozi ya siku zinazofuata ihesabiwe upya, maana hicho ni kidonda kipya.

Mara nyingi kinachokutwa ni vidonda vya tumbo, na nyuma ya vidonda kuna bakteria wa *Helicobacter pylori* au dawa za maumivu ya viungo. Jambo hili linaniuma. Viungo vya mwenye hemofilia vimeharibiwa na damu ya miaka mingi, vinauma usiku na mchana, na kwa kukosa fakta ya kuzuia, ile inayochomwa mara kwa mara kabla damu haijavuja, kijana ananunua diklofenaki dukani. Diklofenaki inachimba tumbo. Tumbo linavuja. Hakuna mzembe katika mlolongo huo, kuna mtu mwenye maumivu.

Kamera isipoona kitu, hiyo haimaanishi hakuna kitu. Anaendelea na fakta, na utumbo wa chini uangaliwe.

Hatua ya 8: Siku 7 hadi 14

Siku ya tatu choo kinaanza kuwa cha kahawia, mgonjwa anadai chakula, wodi imejaa. Hapo ndipo kishawishi cha kumruhusu huja. Kidonda bado hakijafunga. Miongozo inasema fakta iendelee siku 7 hadi 14, kwa kiwango kinachopungua taratibu, na damu inayorudi baada ya fakta kukatishwa humkuta mwili ukiwa tayari umechoka. Kama hamwezi kumweka wodini, mpangieni ratiba ya kuja kuchomwa, saa zimeandikwa, akiba yake imetengwa kwa jina.

Nini huamua nani anapona vizuri? Muda kati ya choo cha kwanza cheusi na dozi ya kwanza, kuliko kitu kingine chochote tunachoweza kukishika mikononi. Kisha umri, ini, kingamwili, na kama aliingia akiwa kwenye mshtuko.

Wengine wanaovuja, ambao si hemofilia

Mwanamke mwenye hedhi nzito tangu alipovunja ungo, puani hutokwa damu mara kwa mara, sasa ana choo cheusi: fikiria von Willebrand. Daktari Erik von Willebrand wa Finland aliueleza ugonjwa huu mwaka 1926 katika familia moja ya visiwa vya Åland, ambako binti mmoja alikuja kufariki kwa hedhi yake ya nne. Unashika wanaume na wanawake. Baadhi ya aina zake huota vimishipa dhaifu kwenye ukuta wa utumbo, vinavyovuja na kurudia kuvuja kwa miaka. Huhitaji fakta yenye kiambato cha von Willebrand ndani yake, au krayo ikikosekana. Fakta 8 iliyosafishwa kabisa haimsaidii.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande: vitamini K miligramu 5 hadi 10 kwa mshipa polepole, pamoja na mchanganyiko wa fakta 2, 7, 9 na 10 ukipatikana, au plazma. Vitamini K peke yake huchukua saa nyingi kufanya kazi.

Mtoto mchanga wa siku chache aliyezaliwa nyumbani na hakupata sindano ya vitamini K: akitoa choo cheusi baada ya kile cha kwanza cha kuzaliwa, au akitapika damu, ni dharura. Miligramu 1 siku ya kuzaliwa ingezuia.

Mgonjwa wa ini anahitaji tahadhari ya aina yake. Ini ndilo kiwanda cha karibu fakta zote, hivyo kipimo cha kuganda damu kiitwacho INR kitakuja juu na kila mtu atakimbilia plazma. Lakini ini linapochoka, vizuia kuganda navyo hupungua, mizani hubaki karibu sawa, na damu inatoka kwa sababu ya presha kwenye mishipa iliyovimba ya umio. Plazma nyingi huongeza presha hiyo. Kinachomsaidia ni okitreotaidi (dawa ya kushusha presha hiyo), antibiotiki kama seftriaksoni, na kufungwa mishipa kwa kamera. Kando ya Ziwa Viktoria tunawaona wengi ambao chanzo ni kichocho cha miaka mingi: bandama kubwa, mishipa imevimba, na fakta zao ziko vizuri kabisa.

Hatua ya 9: Kurudi nyumbani

Apimwe *Helicobacter* na atibiwe hadi mwisho, kisha apimwe tena wiki nne au zaidi baada ya kumaliza, akiwa ameacha omeprazole kwa wiki mbili. Apewe madini ya chuma. Maumivu ya viungo yajadiliwe waziwazi: parasetamoli, mazoezi na mtaalamu wa viungo, na mazungumzo na kliniki kuhusu fakta ya kuzuia. Kama hajachanjwa homa ya ini aina ya B, achanjwe, sindano ipite chini ya ngozi badala ya msuli.

Kwenye kadi atakayobeba mfukoni kila siku iandikwe: aina ya hemofilia na ukali wake, kilo zake, dozi ya damu hatari kwa uniti, kama ana kingamwili, kundi la damu, na namba ya simu ya kliniki. Nakala moja iwe kwenye simu ya mama, nyingine kwa mtu wa karibu kazini au shuleni.

Choo kinaweza kubaki cheusi siku tatu hadi tano baada ya damu kukoma, kwa kuwa utumbo unamalizia iliyobaki. Kikizidi kupungua na kugeuka kahawia, endeleeni na ratiba. Kikirudi kuwa cheusi na laini baada ya kuwa kahawia, au mapigo yakaenda mbio akiwa amekaa, au akaona giza anaposimama, mnarudi usiku huo huo na mnaanza tena na fakta.